Kupinda si kukunja, na Uganda ina sababu ya kulijua hilo

Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, mjadala wetu umekuwa wa kuhesabu. Walimu wapo wangapi, vitabu vimechapwa vingapi, fedha zitatoka fungu gani. Kila tarehe 7 Julai ikikaribia, Siku ya Kiswahili Duniani, hesabu hizo hutolewa kabatini, hufutwa vumbi na kusomwa upya. Sizipuuzi, maana darasa lisilo na mwalimu halifundishiki kwa makala ya gazeti. Lakini chini yake kuna dhana isiyohojiwa: kwamba lugha ni shehena ya maneno, na kwamba mwanafunzi wa Uganda akishapewa maneno ya kutosha, kila moja likiwa na mwenzake wa Kiingereza ubavuni, kazi imekwisha. Orodha za maneno hayo zinasambaa kwenye simu kuliko vitabu vyenyewe. Na ukitafuta humo neno la kitu kisichonyooka, utayakuta mawili yamewekwa mstari mmoja, yametenganishwa na mkato tu: pinda, kunja.

Mkato huo ndio ninaotaka kuushambulia. Kupinda na kukunja hayagawani maumbo, kwamba hili ni la umbo hili na lile ni la umbo lile. Yanagawana mtazamo. Kukunja ni tendo: kuna mtu anazileta sehemu za kitu kimoja pamoja, ncha kwa ncha au upande kwa upande, na mara nyingi njia ya kurudi huachwa wazi. Kupinda ni hali ya kitu kuuacha mstari wake ulionyooka, awepo aliyekipinda au asiwepo. Anayeujua mpaka huo hahitaji kukariri mifano hamsini. Asiyeujua atakariri hamsini na ule wa hamsini na moja utamwangusha.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana namna tulivyokipokea Kiswahili ndiyo iliyotufanya tupende orodha. Mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa na kuchagua Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kiwe msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliihusisha Uganda sawa na Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Wakati huohuo Buganda ilikuwa inakipinga, na mfalme wake, Kabaka Daudi Chwa, aliuweka upinzani huo kwenye maandishi mwaka 1929. Mwaka 1952 kikaondolewa miongoni mwa lugha za shule, kikabaki kwa askari. Idi Amin, aliyempindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo halikukiongezea wapenzi miongoni mwa watu waliozoea kukisikia kwa mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria. (Ni marekebisho yaleyale yaliyoondoa ukomo wa mihula ya urais. Anayeyalalamikia atasema Katiba imepindishwa, kamwe hatasema imekunjwa. Hilo lenyewe ni ushahidi, nitalirudia.) Kisha ukaja mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ambamo Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Ukitoa Bombo, Arua, Busia, Tororo na masoko ya mipakani, raia wengi wa nchi hii wamekipata Kiswahili kwa amri au kwa karatasi. Hawakukulia barazani pa watu wanaokunja mikeka na kupinda pindo huku wanapiga soga. Kwa hiyo neno huwajia likiwa limeshatafsiriwa, na tafsiri hiyo kwa kawaida ni ya Kiingereza, lugha ambayo haikuwahi kuuchora mpaka huu mahali tunapouchora sisi.

Walimu wanaojitahidi hujaribu kuuchora kwa kanuni fupi. Ya kwanza inasema kukunja ni kwa vitu laini, kupinda ni kwa vitu vigumu: nguo hukunjwa, chuma hupindwa. Inavutia, inakaririka, na haidumu dakika moja. Kiti cha kukunja ni cha chuma. Kisu cha kukunja ni cha chuma pia, na ukitaka kuona jinsi maneno haya mawili yasivyo pacha, weka visu viwili mezani. Kisu cha kukunja ni kizima, mwenyewe amekifunga ubapa ukaingia kwenye mpini ili kikae mfukoni salama. Kisu kilichopinda ni cha kupeleka kwa fundi vyuma wa Katwe, Kampala, akigonge, au cha kutupa. Chuma ni kilekile, ugumu ni uleule, na hakuna mzungumzaji atakayebadilishana maneno hayo. Soko la simu limetupa mfano mwingine ambao haukufundishwa na mtu: simu ya kukunja ni ile inayofunguka katikati kama kitabu, na simu yenye kioo kilichopinda ni ile ambayo kingo zake zimeteremka pembeni. Wauzaji hawakungoja semina kulijua hilo.

Kanuni ya pili ina akili zaidi, nami naiheshimu. Inasema penye kukunja pana mkunjo, yaani mstari wa wazi pale kitu kilipogeukia, ilhali kupinda hakuachi mstari, umbo linazunguka polepole. Karatasi iliyokunjwa ina alama, tawi lililopinda halina. Shida ni kwamba kanuni hii inavunjika pande zote mbili. Upande mmoja upo mkeka. Mkeka hukunjwa kwa kuviringishwa na hauwekewi alama hata moja. Mwenye mkeka mzuri atakugombeza ukiuwekea. Hata hivyo tunasema kunja mkeka, kunja jamvi, na shughuli ikiisha tunasema jamvi limekunjwa. Upande wa pili upo ukingo wa nguo. Pindo la gauni lina mstari mkali kuliko karatasi yoyote, umebanwa kwa pasi na kushonwa, na bado fundi husema anapinda nguo. Kama mkunjo ndio ungekuwa kipimo, mkeka ungepindwa na gauni lingekunjwa pindo.

Hapo kwenye pindo ndipo penye utamu, kwa hiyo nikae kidogo. Nilimsikia fundi cherehani mmoja wa Busia, upande wetu, akimhudumia mama aliyeleta sketi ya shule ya binti yake. Alishika ukingo wa kitambaa, akaurudisha ndani upana wa vidole vitatu, akaupitishia ukucha kutoka mshono wa kulia hadi wa kushoto, kisha akauliza: "Mama, nikunje hivi ndiyo nipinde, au nipinde kidogo tu?" Sentensi moja, vitenzi viwili, na hakuna aliyechanganyikiwa. Kukunja kwake kulikuwa ni kile alichokifanya kwa mkono wakati huo, kitambaa juu ya kitambaa, na akiachia kinajirudia. Kupinda kulikuwa ni kuupa ukingo umbo lake jipya kwa uzi. Mama akachagua vidole vitatu, kama wafanyavyo wazazi wote wenye watoto wanaorefuka, ili mwaka ujao nguo iteremshwe. Na itakapoteremshwa, fundi hatapindua pindo. Atalifumua. Angalia: kilichokunjwa hukunjuliwa, lakini kilichopindwa lazima kitafutiwe kitenzi kingine kabisa ili kirudi kilivyokuwa.

Huo si utani wa mafundi, ndivyo lugha yenyewe ilivyopangwa. Kiswahili kina kiambishi cha kutengua, kile kinachofanya funga kuwa fungua, ziba kuwa zibua, kunja kuwa kunjua. Kukunjua ni kinyume halisi cha kukunja: mkeka uliokunjwa unakunjuliwa, ngumi iliyokunjwa inakunjuliwa, uso uliokunjwa unakunjuliwa, na mwenye uso usiokunjwa tunamwita mkunjufu. Sasa kipe kitenzi pinda kiambishi hichohicho. Unapata pindua. Lakini kupindua si kunyoosha kilichopinda! Ni kukifanya cha juu kiwe cha chini: mashua imepinduka, serikali imepinduliwa, Zanzibar ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na Amin akafanya yake kwetu miaka saba baadaye. Msumari uliopinda hauwezi kuupindua ukanyooka. Utaunyoosha, kwa kitenzi kilekile tunachotumia tunapopiga nguo pasi. Kwa nini lugha ilikipa kukunja mlango wa kurudia na kupinda ikakinyima? Kwa sababu kukunja kumefikiriwa tangu mwanzo kuwa ni jambo la kufunga na kufungua, mali ya familia moja na mlango, fundo na kifuniko. Kupinda hakumo katika familia hiyo. Kupinda ni mali ya umbo, na umbo hubadilishwa kwa kupewa umbo jingine.

Sarufi inaongeza shahidi mwingine ambaye sijaona akiitwa mara nyingi. Tunasema mti umepinda, barabara imepinda, mgongo wa mzee umepinda, na hatuulizi nani kaupinda. Upepo, umri, mlima, Mungu, haidhuru. Jaribu hivyo kwa kukunja. Nguo imekunja? Mkeka umekunja? Sikio linakataa kabla akili haijatoa sababu. Lazima useme imekunjwa, na hapo kuna mkunjaji hata kama hatajwi, au useme imejikunja, na hapo kitu chenyewe ndicho kimegeuka mkunjaji, kama chatu au mtoto mwenye baridi. Kinachopinda hakingoji mtu. Kinachokunjwa kinamngoja. Ndiyo maana hata ule ushahidi wa Katiba una mantiki: sheria ina mstari wake, na anayeutoa kwenye mstari ameipindisha. Katiba ingekunjwa, maana yake ni kwamba mtu amekifunga kile kijitabu akakitia mfukoni, na hilo halijawahi kuwa kosa. Maneno hupindishwa, ukweli hupindishwa, haki hupindishwa. Ukisikia mtu "amejikunja", amejikusanya kwa woga au baridi, magoti kifuani. Ukisikia "amejipinda", amefanya bidii, amehangaika na kazi mpaka mgongo ukaonyesha. Mwajiri akiyachanganya hayo mawili katika barua ya kumsifu mfanyakazi, atakuwa ameandika kituko.

Sasa nije kwa wapinzani, maana wapo na baadhi yao wana hoja. Hoja yao nzito ni ya barabarani. Panda bodaboda na dereva aliyezoea njia za Malaba na Eldoret, utasikia pinda kushoto na utasikia kunja kushoto, na utafika uendako kwa yote mawili. Nenda kwenye jengo linalojengwa, utasikia nondo zinakunjwa na nondo zinapindwa. Iko wapi basi hiyo mipaka? Jibu langu lina sehemu mbili na sitajifanya zina nguvu sawa. Kwa nondo, mpaka unaonekana ukiangalia kazi inayofanywa. Ringi za kubana nguzo hukunjwa: fundi anairudisha nondo pembe baada ya pembe mpaka ncha zake mbili zinakutana na kupishana. Nondo iliyolaliwa na lori uwanjani imepinda tu, hakuna aliyekutanisha chochote. Hapo ndipo methali nayo inapopata maana yake kamili, samaki mkunje angali mbichi. Si kumpinda kidogo. Ni kumzungusha kichwa kikakaribiana na mkia, na akikauka katika hali hiyo hakunjuliki tena, ndiyo sababu inasemwa afanyiwe mapema. Kwa kona za barabarani, hata hivyo, nakiri kwamba mpaka umelegea. Anayesema pinda anaiona njia ikiacha mstari, anayesema kunja anaiona mikono ya dereva ikizungusha usukani, na wasikilizaji wameacha kujali. Lugha hai ina sehemu kama hizo. Mpaka kulegea mahali pamoja hakufuti mpaka wote, na hakuna mwendesha bodaboda, hata yule wa kunja kushoto, atakayekuambia barabara ya Kabale imekunjwa.

Hoja ya pili ni ya wenzetu wa Buganda na wa magharibi, nayo inasema: sisi ni Wabantu, haya tunayo kwetu, hayahitaji kufundishwa. Ni nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo muhimu. Luganda lina okuweta, la kupinda. Kwa kukunja halina neno moja, lina angalau mawili: mikeka na nguo ni okuzinga, ngumi na mikono ya shati ni okufunya. Kwa hiyo mwanafunzi wa Masaka hahitaji kufundishwa kutenganisha, tayari anatenganisha kwa umakini kuliko Mswahili. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba Kiswahili kimeviweka vyumba viwili vyake chini ya paa moja, na kwamba okuweta aliache nje ya paa hilo. Dakika tano za somo zingetosha, kama somo lingepita Luganda. Likipita Kiingereza, mwanafunzi anaporwa ujuzi aliokuja nao kutoka nyumbani, kisha anauziwa upya kwa orodha. Na tusisahau kwamba Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile si nchi za Kibantu. Mwalimu wa Gulu hawezi kuegemea ukoo, itabidi aegemee vitu: kisu, mkeka, msumari, sketi. Nadhani hata wa Masaka angefaidika na vitu hivyo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika kuliko zote, ni kwamba Waswahili wenyewe hawajali, hivyo kwa nini sisi wanafunzi tujisumbue. Inatamkwa kwa sauti ya unyenyekevu lakini ni dharau. Msingi wake ni kwamba mtu asiyeweza kueleza kanuni hana kanuni. Yule fundi wa Busia, ukimwambia akueleze tofauti ya kupinda na kukunja, huenda akakujibu ni kitu kimoja, huku mkono wake na ulimi wake vinaitii tofauti hiyo siku nzima. Hajui kuieleza kwa sababu hajawahi kuhitaji kuieleza. Sisi tunaojifunza shuleni tunaihitaji, maana hatuna miaka thelathini ya kukaa kwenye cherehani tukisubiri itujie. Na kusema hawajali ni uongo unaopimika kirahisi. Mwambie mtu yeyote wa Tanga au Mombasa kwamba mkeka wako umepinda. Atauangalia mkeka kwanza, aone umeharibika wapi.

Haya yangekuwa mambo ya wapenda kamusi kama yasingegusa mahali ambapo Kiswahili tayari kinafanya kazi nchini. Chukua hospitali. Uganda ni kati ya nchi za Afrika zilizoitumia mapema na kwa mapana njia ya Ponseti kuwatibu watoto waliozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani: plasta ngumu hubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kupitia chale ndogo, kisha mtoto huvalishwa viatu vyenye kibao, na mwishowe ni usiku tu hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Kinachowashinda wazazi wengi ni hiyo miaka ya viatu, si zile wiki za plasta. Sasa andika kijikaratasi cha maelezo kwa Kiswahili. Ukisema mguu wa mtoto umepinda na unanyooshwa, mama anaelewa kwamba ni umbo, na umbo linachukua muda. Ukisema mguu umekunjwa, umemwambia bila kukusudia kwamba kuna njia ya kuukunjua, na kuna hatari akatafuta mkono mzuri wa kuukunjua siku moja ukaisha. Vivyo hivyo kwa goti. Goti lisilokunjika ni kiungo kilichokaza. Goti lililopinda ni mfupa usio katika mstari. Muuguzi anayeandika moja akimaanisha jingine amempeleka mgonjwa kwa daktari akiwa na malalamiko ya mtu mwingine.

Chukua polisi, ambako Kiswahili kimekaa muda mrefu kuliko ofisi yoyote nyingine ya serikali. Mlalamikaji anasema, "Alinikunja mbele ya watu." Mwandishi wa maelezo aliyekulia kwenye orodha atajikuna kichwa: alikukunja vipi, mtu si shuka. Lakini kumkunja mtu ni kumkamata nguo kifuani na kuzikusanya ngumini, na kukunjana ni kukamatana hivyo kwa ugomvi. Kwa kanuni tuliyoianza nayo hakuna fumbo hapa: ni kukusanya sehemu pamoja, na aliyekusanya yupo. Kwa kanuni ya vitu laini na vigumu, au ya mistari, maelezo hayo hayaandikiki. Na yakifika mahakamani yamegeuzwa Kiingereza kwamba mlalamikaji "alipindwa", wakili yeyote mwenye macho atauliza mgongo uliumia wapi, na shambulio dogo la kweli litaonekana shambulio kubwa la uongo.

Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Chombo cha aina hiyo kitakuwa na kishawishi cha kuanza na orodha kubwa zaidi, istilahi za bungeni, za kodi, za kompyuta. Istilahi si mbaya. Ila bunge linaweza kusubiri istilahi mwaka mmoja. Zahanati na kituo cha polisi vinatumia vitenzi vya kawaida leo hii. Kazi iliyo mbele, na isiyo na sherehe, ni kuvikusanya vitenzi vinavyofanana, kupinda na kukunja, kukata na kutema, kufuta na kupangusa, kisha kuonyesha kila kimoja kinakaa na vitu gani na kinakataa vipi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi kama tunavyoambiwa kila Julai. Mafundi wapo Katwe na Busia, na hawatozi ada ya kusikilizwa.

Mtaala mpya unajisifu kwamba unapima uwezo wa kutenda badala ya kukariri, na kundi la kwanza lililousoma limeshafanya mtihani wake wa taifa mwaka 2024. Basi uwe hivyo hata kwenye karatasi ya Kiswahili. Mpe mtahiniwa picha ya visu viwili na umwambie aandike barua ya kumwomba fundi amtengenezee kimoja. Akikiomba kile cha kukunja kinyooshwe, hajaelewa, hata kama ngeli zake zote zimekaa sawa. Ila kabla swali hilo halijatungwa, wasahihishaji wakubaliane jambo moja kwa maandishi: anayeandika kunja kushoto na anayeandika pinda kushoto wapewe alama sawa.